Kompyuta ya bei nafuu inaitosha familia: mwongozo kamili wa kuichagua, kuikagua na kuiandaa

Kaa karibu na kompyuta ya nyumbani kwa juma moja, uandike kila inachofanyiwa. Mtoto anachapa kazi ya shule. Mama anajaza fomu ya maombi na kuambatisha vyeti. Baba anahamisha picha kutoka kwenye simu iliyojaa. Bibi anaongea kwa video na wajukuu walio mbali. Usiku kuna filamu. Karibu kazi zote hizi hufanyika ndani ya kivinjari, na hakuna hata moja inayohitaji mashine ya mhariri wa filamu.

Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba familia nyingi zinatoshwa na kompyuta ya daraja la chini, na fedha inayobaki ina kazi nyingine. Ila kwenye daraja hilo kuna mahali ambapo mtengenezaji akibana gharama hutaona tofauti miaka mitano, na kuna mahali ambapo akibana utajuta ndani ya mwaka. Nimeshanunua ya namna hiyo ya pili. Ilikuwa laptopu ndogo, mpya, nyepesi, yenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 32. Miezi michache baadaye mfumo ulitaka kujisasisha ukakuta nafasi haipo. Tulifuta picha, tukafuta programu, tukahamishia faili za shule kwenye flashi, na bado sasisho likagoma. Hifadhi yenyewe ilikuwa imechomewa kwenye bodi, kwa hiyo hapakuwa na cha kubadilisha. Skrini safi, betri nzima, kibodi nzuri, lakini mashine haina kazi tena. Nimeandika mwongozo huu ili fedha ya familia nyingine isiishie kwenye kitu kama kile.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi, kisha hesabu watu

Kabla ya kutazama kompyuta yoyote, chukua karatasi. Upande mmoja andika kazi zote za nyumbani kwenu zinazohitaji kompyuta. Upande wa pili andika nani anaifanya na saa ngapi. Upande huu wa pili watu wengi huuruka, na ndio wenye maana zaidi.

Ugomvi wa kompyuta nyumbani hautokani na kasi ya mashine. Unatokea jioni, watoto wawili wana kazi za shule za siku moja na mzazi ana barua ya kutuma kabla ya usiku wa manane. Kompyuta moja ya kifahari haitatui tatizo hilo hata ingekuwa na kasi kiasi gani, kwa sababu kiti mbele yake ni kimoja. Fedha ya kompyuta moja ya gharama kubwa mara nyingi hununua mbili za kawaida, na kwenye nyumba ya watu wanne au watano mbili za kawaida zina faida zaidi. Tena moja ikiharibika, nyumba haisimami.

Wapo wanaouliza kama simu haitoshi. Kwa kutazama na kuzungumza inatosha. Kwa kuandika haitoshi. Mpe mtoto aandike kurasa nne kwenye simu, huku akirudi kila mara kwenye kurasa anazosoma ili achukue hoja, utaona jinsi anavyofupisha sentensi ili amalize haraka. Kibodi kamili na skrini inayoonyesha vitu viwili kwa pamoja humfanya aandike kwa urefu anaotakiwa.

Kama kwenye orodha yako kuna kuhariri video nzito, michezo mikubwa ya kisasa ya kompyuta, au programu za uchoraji wa kihandisi, mwongozo huu hautakufaa kwa mashine hiyo moja. Kwa nyingine zote za nyumbani, endelea.

Hatua ya 2: Usikubali RAM iliyo chini ya GB 8

RAM ni meza ya kazi. Kila unachofungua kinawekwa juu ya meza hiyo: mfumo wenyewe, kivinjari, kila kichupo, hati unayoandika, simu ya video. Windows 11 peke yake, kabla hujafungua kitu, hujitwalia karibu GB 3. Kichupo kimoja cha barua pepe au cha hati ya mtandaoni huweza kula mamia ya MB. Kwenye mashine ya GB 4 unaweza kuona mambo yanavyokwenda ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager: vichupo vitano, simu moja ya video, na mstari wa kumbukumbu unasimama kwenye asilimia 90 na kitu. Hapo meza imejaa. Mfumo unaanza kushusha vitu sakafuni, yaani unavihamishia kwenye diski, na kuvipandisha tena ukivihitaji. Unabonyeza kichupo, ukurasa unabaki mweupe. Unaandika neno, herufi zinatokea sekunde mbili baadaye zote kwa mkupuo. Watu husema kompyuta imepata virusi, kumbe imeishiwa meza.

Microsoft yenyewe imeandika kwamba Windows 11 inahitaji angalau RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Usiichukue hiyo kama ushauri wa ununuzi. Ni kiwango cha mfumo kuwaka, kabla familia haijaweka kitu chochote. Kwa Windows anza na GB 8. Ukipata GB 16 kwa nyongeza ndogo, ichukue, ndiyo nyongeza itakayokulipa zaidi kuliko zote. Kwa Chromebook, laptopu ya mfumo wa Google ambao ni mwepesi, GB 4 inavumilika kwa mtoto mdogo, na GB 8 inakaa kwa miaka.

Uliza swali moja la ziada: RAM hii inaongezeka? Kwenye laptopu nyingi nyembamba imechomewa kwenye bodi, na ulichonunua ndicho utakachokufa nacho. Kama kuna nafasi ya kuongeza, unaweza kuanza na GB 8 leo ukaongeza fedha ikipatikana.

Hatua ya 3: Hifadhi iwe SSD

Hapa ndipo mtu hudanganywa na namba kubwa. Laptopu mbili ziko mezani: moja ina TB 1, nyingine GB 256. Mnunuzi anakimbilia TB 1 kwa sababu ni mara nne. Hajauliza ni TB 1 ya nini.

Diski ya kizamani, HDD, ina sahani inayozunguka na mkono unaosoma. Nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja tu huchukua takriban milisekunde 11, na kompyuta ikiwaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. SSD haina kinachozunguka. Hukifikia kila kipande kwa sehemu ndogo sana ya muda huo. Ndiyo maana kompyuta ile ile, ukiitoa HDD na kuiweka SSD, huacha kuwaka kwa dakika mbili tatu na kuanza kuwaka kwa sekunde ishirini au thelathini. Mimi sijaona matengenezo mengine ya gharama ndogo yanayoibadilisha kompyuta ya zamani kiasi hicho.

Kati ya hizo mbili kuna eMMC, inayopatikana kwenye laptopu mpya za bei ya chini kabisa. Haizunguki, lakini ni ndugu wa kadi ya kumbukumbu kuliko wa SSD: kiwango chake cha 5.1 kina kikomo cha MB 400 kwa sekunde, wakati SSD ya aina ya zamani, SATA, hufika karibu 550 na ya aina mpya, NVMe, hufika elfu kadhaa. Na karibu daima huwa imechomewa. Kwenye Chromebook inakubalika, kwani faili nyingi hukaa mtandaoni. Kwenye Windows ikwepe, hasa ya GB 32 au 64. Kikaratasi cha maelezo kikisema tu "hifadhi GB 128" bila kutaja aina, uliza, na usilipe kabla hujajibiwa.

GB 256 za SSD zinatosha familia ya kawaida. Picha na video za miaka zina mahali pake kwingine, kwenye diski ya nje, nitafika huko.

Hatua ya 4: Prosesa, kwa kifupi

Watu huanza na prosesa. Mimi naiweka ya tatu, kwa sababu RAM na SSD zikiwa sawa, prosesa ya kawaida ya leo haisumbui kazi za nyumbani.

Mwaka 2007 Asus walipotoa Eee PC, laptopu ndogo ya bei nafuu iliyopata umaarufu sana, ilikuja na skrini ya inchi 7, RAM ya MB 512 na hifadhi ya GB 4. Ulilazimika kuchagua kati ya nafuu na kompyuta yenye uwezo wa kufanya kazi. Leo sakafu imepanda. Intel N100 ya mwaka 2023, prosesa ya daraja la chini kabisa, ina viini vinne (sehemu zinazofanya kazi kwa pamoja) na imeundwa kwa kiwango cha wati 6 tu. Inaizidi i5-7200U, ambayo miaka michache nyuma ilikuwa ndani ya laptopu za maofisini.

Unachotakiwa kukikwepa ni Celeron za zamani zenye viini viwili, kama N4020, ambazo bado zinauzwa mpya. Kwa upande wa AMD, tahadhari na namba kubwa: kwenye mfululizo wa Ryzen 7000 wa laptopu, tarakimu ya kwanza inakuambia mwaka wa toleo, na ya tatu ndiyo inayokuambia umri wa usanifu. Ryzen 3 7320U kwa hiyo ni toleo la 2023 lenye usanifu wa zamani, Zen 2. Kwa nyumbani bado ni nzuri, ila usiilipie kama ya kisasa kabisa.

Hatua ya 5: Uliza mfumo utahudumiwa hadi lini

Hili ndilo swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza dukani, na ndilo linaloamua urefu wa maisha ya kompyuta yako. Mfumo usiopokea masasisho ya usalama ni nyumba ambayo kitasa chake kimejulikana na mwizi. Utaendelea kuishi humo, lakini huwezi kuweka humo vya thamani, na kompyuta ya familia ina nywila za benki, nakala za vitambulisho na picha za watoto.

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haikubali kila kompyuta: inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta), na kwa Intel inaanzia kizazi cha 8, kwa AMD kwenye familia ya Ryzen 2000 kwa jumla. Kizazi cha Intel ni rahisi kukisoma kwenye jina la prosesa za kipindi hicho. i5-8250U ni ya 8, i5-7200U ni ya 7. Tofauti ya tarakimu moja, lakini moja inapokea Windows 11 na nyingine haipokei. Tena kizazi hicho cha 8, kilichotoka 2017, ndicho kilichozipa i5 za laptopu zenye herufi U mwishoni viini vinne badala ya viwili, kwa hiyo unafaidika mara mbili. Wauzaji wengi wana rundo la kompyuta za kizazi cha 6 na cha 7 wanazotaka ziondoke. Ndiyo sababu ya bei zake kushuka.

Chromebook zina tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Google iliahidi miaka 10 ya masasisho kwa zile zilizotoka kuanzia 2021, lakini hesabu inaanza siku toleo hilo lilipoingia sokoni, si siku uliyonunua. Iliyokaa rafuni miaka minne imeshakula miaka yako minne. Ukurasa wa kuhusu ChromeOS ndani ya mipangilio huonyesha tarehe yenyewe.

Njia ya tatu ni Linux, mfumo unaowekwa badala ya Windows. Linux Mint, toleo lake mojawapo, inawaka kwa RAM ya GB 2 na inapendekeza GB 4, haina gharama, na kwa mtu anayetumia kivinjari, barua pepe na LibreOffice (programu ya kuandikia hati), ugeni unaisha ndani ya siku chache. Nimeiweka kwenye kompyuta ambazo Windows 11 ilizikataa, na watoto hawakuuliza swali hata moja mara walipoiona alama ya kivinjari. Kabla ya kuamua, hakiki kitu kimoja tu: kama shule au kazi yenu inalazimisha programu maalumu ya Windows, Linux haitakufaa kwa mashine hiyo.

Hatua ya 6: Mpya ya chini au mtumba wa juu?

Ukiwa na fedha kidogo, una njia mbili. Unaweza kununua mpya ya daraja la chini, au laptopu ya kiofisi iliyotumika miaka mitatu hadi mitano. Mimi mara nyingi huchagua ya pili. ThinkPad za T za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP zilitengenezwa kwa ajili ya mafundi wa kampuni kuzifungua: bawaba imara, kibodi inayobadilishika, mara nyingi nafasi za RAM zilizo wazi, na vipuri vilivyotapakaa. Mpya ya bei hiyo hiyo ina plastiki laini na bodi isiyoguswa. Mpya nayo ina dhamana na betri ambayo haijachoka, kwa hiyo kama hamna mtu wa kuikagua ya mtumba, nunua mpya, kwa masharti ya hatua zilizotangulia.

Mtumba unakaguliwa hivi, na usikubali kuharakishwa. Dakika ishirini zinatosha.

Omba mashine ikiwa imezimwa. Iweke mezani ikiwa imefungwa na uitazame kwa ubavu, jicho likiwa usawa wa meza. Kama inayumba au kifuniko cha chini kimetuna, betri imevimba. Fungua, pitisha kidole juu ya kigusio cha kipanya: kikiwa kimeinuka katikati au kimegoma kubonyea, ni dalili hiyo hiyo, na betri iliyovimba ni hatari ya moto. Irudishe. Kisha fungua na kufunga kioo mara kadhaa ukisikiliza bawaba. Bawaba inayolia na kusukuma plastiki ya pembeni itaipasua skrini siku moja.

Washa, uingie kwenye mipangilio ya ndani, ile inayofunguka kabla ya Windows, kwa F1, F2, F10 au Esc kulingana na aina. Ikidai nywila asiyoijua muuzaji, iache. Mtego mwingine uko kwenye kompyuta zilizotoka maofisini: zinaonekana huru mpaka uzifute na kuziunganisha na intaneti, ndipo zinapoonyesha jina la kampuni na kudai barua pepe ya mfanyakazi. Kwa hiyo omba uone ikianzishwa upya, ikiwa imeunganishwa, hadi ukurasa wa kufungua akaunti.

Fungua ukurasa mtupu na ubonyeze kila herufi, moja moja, pamoja na tarakimu. Weka picha nyeupe skrini nzima, kisha nyeusi, utafute madoa. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Jaribu kamera, maikrofoni, spika na Wi-Fi.

Mwisho ni betri. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua, kisha chapa powercfg /batteryreport. Kompyuta itatengeneza ripoti na kukuonyesha ilipohifadhiwa. Humo tafuta mistari miwili, DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ya kwanza ni uwezo ilipotoka kiwandani, ya pili ni uwezo wa leo. Ukikuta 50,000 na 31,000, gawanya: imebaki asilimia 62. Kwa mashine ya miaka minne hiyo ni hali ya kawaida, ila iwe hoja yako ya kupunguziwa. Chini ya asilimia 50, hesabu gharama ya betri mpya kama sehemu ya bei. Na ikiwa HDD ndiyo iliyo ndani, hesabu SSD vilevile.

Sisemi muuzaji ni mwongo. Wengi hawajawahi kuifungua ripoti hiyo, na wanashukuru ukiwaonyesha.

Hatua ya 7: Umbo na skrini

Kama kompyuta itakaa mezani siku zote, fikiria kompyuta ndogo ya mezani, zile zinazolingana na kitabu. Nyingi hukubali skrini yoyote yenye HDMI, hata televisheni mliyo nayo, na kibodi ikimwagikiwa na maji unabadilisha kibodi peke yake. Kwenye laptopu maji hayo hayo yanaua bodi. Upungufu wake ni umeme: ukikatika, kazi ambayo haijahifadhiwa imekwenda, wakati laptopu inaendelea kwa betri. Panapokatika mara kwa mara, laptopu inashinda.

Skrini iwe ya pikseli 1920 kwa 1080. Zile za 1366 kwa 768 bado zipo, na mtoto anayesoma ukurasa mrefu atashinda akisogeza juu na chini. Tafuta pia neno IPS. Skrini isiyo na hiyo mara nyingi hubadilika rangi ukiitazama kwa pembeni, na kompyuta ya familia hutazamwa na watu watatu kwa mpigo.

Hatua ya 8: Siku ya kwanza nyumbani

Usiwape watoto siku hiyo. Ipe jioni moja yako mwenyewe.

Iunganishe na intaneti, uiache ijisasishe hadi mwisho, iwashe upya, uangalie tena. Kisha ondoa programu za majaribio ilizokuja nazo, hasa kinga ya virusi ya siku thelathini ambayo baadaye huanza kutisha watu kwa ujumbe wa malipo. Windows ina kinga yake ndani, inajiwasha yenyewe, na inatosha nyumbani. Kama mfumo uko kwenye S mode, ambayo inaruhusu programu za duka la Microsoft tu, unaweza kuutoa bure, ila hautarudi. Kwa mtoto mdogo, huenda ukauacha hivyo hivyo.

LibreOffice inafungua na kuhifadhi faili za Word na Excel bila malipo. Hati zenye mpangilio mgumu huweza kusogea kidogo, kwa hiyo kazi ya kutumwa shuleni itoe kama PDF.

Sasa akaunti. Tengeneza moja ya msimamizi, nywila yake aijue mtu mzima, na isitumike kila siku. Kisha mpe kila mwanafamilia akaunti ya kawaida, hata wewe. Watu huona ni usumbufu, lakini mtoto akibonyeza kitu kibaya kwenye akaunti ya kawaida, mfumo unauliza nywila ya msimamizi, na hapo hapo mambo yanasimama. Pia picha za mmoja hazifutwi na mwingine anayetafuta nafasi.

Kuna jambo jingine ambalo limewaliza wengi. Kompyuta nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa usimbaji zenyewe unapoingia na akaunti ya Microsoft. Ni kinga nzuri dhidi ya mwizi. Lakini siku bodi ikibadilishwa au mipangilio ya ndani ikiguswa, kompyuta huweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na usipokuwa nao faili zote zimepotea. Ufunguo huo unahifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika. Ingia leo, uuone kwa macho, uuchapishe au uuandike kwenye karatasi, uuweke na vyeti vya nyumbani.

Hatua ya 9: Nakala za akiba

Hapa ndipo ninapowasihi watu. Kompyuta ya bei nafuu ikifa, unanunua nyingine. Picha za mtoto akitembea mara ya kwanza hazinunuliwi.

Nunua diski ya nje ya ukubwa wa TB 1. Mara moja kwa mwezi ichomeke, nakili folda za picha na hati, ichomoe, uiweke mbali na kompyuta, kabati jingine au nyumba nyingine ikiwezekana. Usiiache imechomekwa: umeme ukiruka au programu ya wahalifu inayofunga faili ili wadai fedha ikiingia, vyote viwili vinakwenda pamoja. Zile muhimu kabisa, vyeti na picha chache, ziweke pia kwenye hifadhi ya mtandaoni. Na uikimbie flashi au diski inayotangaza ukubwa mno kwa bei ndogo mno. Zipo zilizochezewa zijitangaze kuwa na nafasi ambayo hazina. Zinapokea faili bila kulalamika na kuziharibu zikishajaa. Programu ya H2testw huijaza yote na kuisoma tena, ikakuambia ukweli kabla hujaweka kumbukumbu zako humo.

Hatua ya 10: Rudi kwenye karatasi baada ya mwezi

Laptopu itumike juu ya kitu kigumu, siyo juu ya godoro linaloziba matundu ya hewa. Kama ina mpangilio wa kuzuia chaji isivuke asilimia 80 na muda mwingi imechomekwa, uwashe. Vumbi la feni lipulizwe mara moja kwa mwaka. Matunzo yenyewe ni hayo.

Mwezi ukiisha, chukua ile karatasi ya hatua ya kwanza. Subiri saa ile ya jioni yenye shughuli nyingi zaidi, wakati vichupo vyote viko wazi na mtu yuko kwenye simu ya video, kisha fungua Task Manager utazame kumbukumbu. Ikiwa iko chini ya asilimia 80, hakuna cha kununua. Ikiwa juu ya 90 kila jioni, na mashine ina nafasi, ongeza RAM. Ikiwa mashine iko sawa lakini watoto bado wanagombania kiti, basi anzeni kuweka akiba ya kompyuta ya pili ya bei kama hii.